Mhusika Kwanza, Sura Baadaye: Jinsi ya Kucheza Fantasi ya Filamu

Ligi ya Uingereza inapomalizika mwezi wa Mei, wachezaji wa fantasi hukaa hadi Agosti bila kikosi cha kupanga. Hapo ndipo maswali huanza kunifikia, kutoka hapa Kangema, Kiriaini na Murang'a mjini hadi Karatina na Nyeri. Ule mchezo wa kuchagua waigizaji wa filamu ambazo hazipo huchezwaje? Tuwe watu wangapi? Mshindi anajulikana vipi ilhali hakuna filamu ya kutazama? Na kwa nini sisi tulijaribu mara moja tukaishia kumgombania Lupita?

Nitajibu yote, ila nitakaa zaidi pale ambapo meza nyingi huharibikia. Shika jambo moja tangu sasa: hapa huchagui mtu maarufu, unachagua mtu anayefaa nafasi fulani. Mhusika anatangulia, sura inafuata. Ugomvi mwingi ninaoitwa kuuamua huanza pale mtu anapoupindua mpangilio huo.

## Mchezo kwa ufupi

Mnaketi watu wanne, watano au sita. Kila mmoja ni meneja wa filamu yake. Mnachagua waigizaji kwa zamu, na mwigizaji akishaandikwa kwa meneja mmoja, wengine hawawezi kumgusa. Nafasi zikijaa, kila meneja anaitetea filamu yake, kisha mnapiga kura.

Mnahitaji vitu vichache:

- daftari moja na karani mmoja wa kuandika;
- kadi za hadithi, hata zikiwa vipande vya karatasi ya kawaida;
- simu moja ya kupima muda, nyingine zikae mfukoni;
- mahali tulivu. Hoteli ya karibu na steji siku ya soko haifai. Hoteli hiyo hiyo Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani, inafaa sana.

## Andika kadi ya hadithi kabla ya kutaja jina

"Filamu ya mapigano" si hadithi. "Mapenzi ya Nairobi" pia si hadithi. Mkianza na kadi tupu namna hiyo, kila mtu atataja nyota anayempenda, na hakuna atakayeweza kusema amepatia au amekosea, maana hakuna kipimo. Kadi nzuri ina mambo matatu:

1. Mahali na wakati.
2. Mtu mmoja anayetaka kitu, na kinachomzuia.
3. Nafasi sita. Kila nafasi iandikiwe umri wa mhusika, lugha anayozungumza na tukio moja ambalo mwigizaji lazima alibebe.

Hilo la tatu ndilo watu huliruka, nalo ndilo lenye uzito wote.

Chukua kisa cha jirani, cha Wangu wa Makeri wa Weithaga. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Waingereza ulimpa uongozi wa eneo lake, cheo ambacho wakati huo kilikuwa cha wanaume. Husimuliwa kuwa alikuwa akiikalia migongo ya wanaume waliokaidi amri yake. Mwaka 1909 aliuacha uongozi huo kutokana na kisa cha kucheza kibata, ngoma ya wanaume. Anayetaka undani wa maisha yake atafute kitabu cha Mary Wanyoike kilichotoka 2002. Nafasi sita zinajipanga: Wangu, mumewe Makeri, Karuri wa Gakure aliyekuwa chifu wa Tuthu, ofisa Mwingereza, mzee anayetaka Wangu aanguke, na msichana wa kubuni anayemtazama kila siku akitamani kuwa kama yeye.

Sasa andika tukio la Wangu: anaingia uwanja wa ngoma akijua kwamba akicheza, kesho huenda hana cheo. Sentensi hiyo moja inapunguza nusu ya majina uliyokuwa nayo kichwani. Unamtaka mwanamke aliyekomaa, anayezungumza Kikuyu kama mtu aliyelelewa nacho, na ambaye hofu na fahari zinaweza kukaa usoni pake kwa wakati mmoja. Lupita Nyong'o ana uso wa kufanya kazi hiyo; swali la lugha utalijibu wewe mbele ya meza. Mwingine atamtaja Marrianne Nungo, mama wa Jo katika Supa Modo ya 2018, kwa jinsi anavyolitawala tukio bila kupaza sauti. Mwingine atamleta Catherine Kamau, naye atakuwa na kazi ya kutushawishi kwamba tuliyemzoea kama Celina wa Mother-in-Law anaweza kuunyamazisha uwanja mzima. Mabishano hayo matatu yana faida kwa sababu yote yanapimwa kwa tukio lile lile.

## Sheria za kukubaliana mapema

Ziandikeni ukurasa wa kwanza wa daftari, kila meneja atie sahihi. Msiseme mtaelewana mbele ya safari.

- Marehemu. Nashauri mmoja tu kwa kila filamu. Mkiufungua mlango wote, Mzee Ojwang', Papa Shirandula, Steven Kanumba na King Majuto watamalizwa raundi ya kwanza, na walio hai watabaki kuziba mapengo.
- Umri. Ama mwigizaji achukuliwe kama alivyo leo, ama kama alivyokuwa katika filamu inayotajwa kwa jina. Napendelea ya pili, mradi meneja aitaje filamu hiyo wakati wa kuchagua. Akisubiri hadi utetezi, amechelewa.
- Walioko nje. Wanne kati ya sita wawe wa Afrika Mashariki. Mwamue pia ni nani anayehesabiwa. Edi Gathegi alizaliwa Nairobi, akakulia Marekani, na mwaka 2025 alionekana kama Mister Terrific katika Superman. Kwangu mimi ni wetu, lakini nimeona meza ikivunjika kwa swali hilo kwa sababu liliulizwa baada ya jina lake kuandikwa.
- Asiyejulikana mezani. Meneja akitaja mwigizaji ambaye wenzake hawamjui, apewe sekunde 30 za kueleza alimwona wapi. Mtu asikataliwe kwa kuwa wengine hawajatazama filamu.
- Pesa. Hakuna dau. Wa mwisho anaweza kununulia meza chai na mandazi, basi. Kamari imekwisha kuingia kwenye soka vya kutosha. Ikiingia hapa, kura ya kirafiki inageuka kesi.

## Kuchagua kwa zamu ya nyoka

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kwenda 1, 2, 3, 4 kila raundi. Wa nne anaonewa mara sita mfululizo. Zamu ipinde kama nyoka: raundi ya kwanza 1, 2, 3, 4, ya pili 4, 3, 2, 1, ya tatu irudi mwanzo. Mkiwa wanne na nafasi sita, mtakuwa na waigizaji 24. Meneja wa kwanza atachagua wa 1, 8, 9, 16, 17 na 24. Wa mwisho atachagua wa 4, 5, 12, 13, 20 na 21. Ukiwa wa mwisho, usilalamike: unapata wawili kwa mpigo, na unaweza kuchagua mume na mke, au mtu na adui yake, wakiwa wamekwisha kulingana.

Hatua ni hizi:

1. Chota vikaratasi kupata mpangilio wa zamu.
2. Kila chaguo lina dakika mbili. Zikiisha, meneja anarukwa na atachagua baada ya anayemfuata.
3. Taja nafasi pamoja na jina: "Karuri, namchukua fulani." Jina lisilo na nafasi halihesabiwi.
4. Karani arudie kwa sauti ndipo aandike.
5. Baada ya raundi ya sita fungueni dirisha la uhamisho kwa dakika kumi. Kila meneja anaweza kuhamisha mwigizaji wake mmoja kwenda nafasi nyingine, au kubadilishana na mwenzake aliyekubali.

Mkifuata hatua ya tatu tu na kuzisahau nyingine, bado mchezo utawaendea vizuri. Inamlazimisha mtu afikirie mhusika kabla hajafungua mdomo.

Wapo wanaopenda mnada kuliko zamu. Kila meneja anapewa shilingi 100 za daftari, jina linatajwa, anayepanda zaidi analichukua. Angalieni jambo moja: kila nafasi ambayo haijajazwa ibakiziwe angalau shilingi moja. Kwa hiyo mwenye nafasi sita hawezi kutoa zaidi ya 95 kwa mtu wa kwanza. Mkiisahau hesabu hiyo, kuna meneja atakayebaki na Wangu peke yake uwanjani.

## Anza na walio adimu

Hapa ndipo mtu anaposhinda au kushindwa mchezo, na hapa ndipo nakuomba usome polepole.

Stelingi ni wengi. Ukimkosa kijana mmoja mwenye sura ya kupendeza na mwendo wa kujiamini, raundi ya nne utampata mwingine. Brian Ogola akichukuliwa, Nick Mutuma bado yupo. Walio wachache ni wa aina tatu: wazee wanaoaminika, watoto wanaoweza kubeba filamu, na maadui ambao mtazamaji anawaogopa na bado anataka kuwaelewa. Kabla ya siku ya mchezo kaa na kadi yako, andika kando ya kila nafasi majina yote unayoyakumbuka. Nafasi yenye majina mawili ndiyo ya raundi ya kwanza. Yenye majina kumi isubiri.

Kwa mzee, wengi hukumbuka The First Grader ya 2010. Oliver Litondo aliigiza Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Ukiwa na kadi ya Mlima Kenya yenye mzee aliyebeba historia mgongoni, Litondo haendi raundi ya pili.

Kwa mtoto, Stycie Waweru aliibeba Supa Modo nzima kama Jo, msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa. Madina Nalwanga, aliyepatikana katika darasa la ngoma jijini Kampala, alisimama mbele ya Lupita na David Oyelowo katika Queen of Katwe ya 2016 bila kupotea. Wote wawili wamekua tangu wakati huo, na ndiyo maana nilisisitiza sheria ya umri.

Kwa adui, jina linalotajwa kila mara ni Olwenya Maina, aliyekuwa Oti katika Nairobi Half Life ya 2012. Lakini Olwenya alituacha mwaka 2022, kwa hiyo ukimchukua umeitumia nafasi yako ya marehemu, na Mzee Ojwang' hutampata tena. Pima kwanza.

Raundi za mwisho nazo zina hazina yake. 12 Years a Slave ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Lupita, nayo ikampa Oscar mwaka 2014. Joseph Wairimu hakuwa jina kubwa alipopewa nafasi ya Mwas katika Nairobi Half Life, kijana wa mashambani anayeuza filamu huku akiziigiza mbele ya wateja. Waliowachagua walitazama nafasi, wakatazama mtu, wakaona vinaingiana. Ukifika chaguo la 21 na majina makubwa yamekwisha, fanya walivyofanya.

## Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kupima mtu kwa jina la ukoo. "Huyu hawezi kuwa Mkikuyu, jina lake ni la ziwani." Mzee Ojwang' wa Vitimbi, ambaye nchi nzima ilimjua kama Mjaluo, alikuwa Benson Wanjau. Karani wa kituo cha majani chai haulizi gunia limetoka boma la nani; anatazama majani. Sikiliza lafudhi, tazama mwili, mengine yaache.

Kumkumbuka DJ Afro ukidhani unamkumbuka mwigizaji. Wengi wetu tulizitazama filamu za nje kwenye vibanda vya video kwa sauti yake akizitafsiri. Ucheshi unaoukumbuka, vitisho unavyovikumbuka, vingi ni vyake. Kabla ya kumchagua staa wa nje, tazama tukio lake moja bila tafsiri. Utashangaa ni wangapi wanaobaki wakavu.

Kumchagua uliyemwona jana. Andika orodha yako siku mbili kabla, halafu usiongeze jina siku ya mchezo.

Wakuu sita, msikilizaji hakuna. Filamu inahitaji mtu anayejua kumtazama mwenzake anapozungumza. Ukiwa na Wangu mwenye moto na Karuri mwenye moto, Makeri awe mtu wa kimya. Nafasi hiyo ya mume wa kiongozi, anayekaa pembeni akiona kila kitu, ndiyo iliyowahi kunifurahisha kuliko zote katika kadi hii, na karibu kila meneja huijaza mwisho kwa jina lolote lililobaki.

Kuchukua mtu ili mwenzako amkose. Ni halali, lakini utalazimika kumtetea katika nafasi uliyomwandikia.

## Utetezi na kura

Mshindi anajulikana kwa utetezi. Kila meneja apewe dakika tatu, na azitumie hivi: dakika moja kusimulia filamu, moja kueleza nafasi mbili alizozifikiria zaidi, na moja kuigiza au kusimulia tukio lililoandikwa kwenye kadi, kama anavyoamini waigizaji wake wangelifanya. Kisha wenzake wamuulize maswali mawili.

Fanyeni haya mbele ya watu. Mwaka 1977 kule Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Usaili na mazoezi yalifanyika hadharani, wanakijiji wakitazama na kusahihisha lugha na mwendo wa waigizaji. Serikali iliuzima mchezo huo Novemba mwaka huo huo, lakini somo la usaili wa wazi limebaki: wasikilizaji wanajua mzee huzungumzaje, na mtu akiwekwa mahali pasipo pake wanasema. Hata mhudumu anayepita na birika apewe ruhusa ya kuguna.

Kura ni ya siri. Kila meneja anazipanga filamu za wenzake. Mkiwa wanne, ya kwanza inapata alama 3, ya pili 2, ya tatu 1. Hakuna anayejipigia. Watazamaji wote kwa pamoja wana kura moja ya namna hiyo. Zikitoka sare, anashinda ambaye mhusika wake mkuu alichaguliwa baadaye zaidi, kwa kuwa alijenga kwa vifaa vichache.

## "Lakini sisi..."

"...hatuwajui waigizaji wa kwetu." Mnawajua kuliko mnavyodhani. Kaeni dakika ishirini na kutaja vipindi: Vioja Mahakamani, Vitimbi, Papa Shirandula, Tahidi High, Mother-in-Law. Kisha ongezeni Nairobi Half Life, Kati Kati, Supa Modo, Disconnect, na kutoka Zanzibar Vuta N'kuvute ya Amil Shivji. Mtapita majina 40.

"...tuna wazee mezani ambao hawatazami filamu." Wape kadi za zamani na nafasi za wazee. Aliyewaona machifu utotoni mwake ataijua sauti ya chifu wa kweli kuliko kijana yeyote. Akikosa jina la mwigizaji, aruhusiwe kueleza mtu anayemtaka, na meza imsaidie kumtafuta.

"...tumetawanyika, mmoja yuko Nairobi, mwingine Qatar." Chezeni kwenye WhatsApp. Kila chaguo lipewe saa moja mchana, usiku usihesabiwe. Ujumbe uliohaririwa haukubaliki. Utetezi utumwe kwa sauti, dakika tatu zile zile, nao wote utumwe jioni moja ili wa mwisho asijibu hoja za wa kwanza.

"...ni mchezo wa kupoteza muda." Kijana anayejifunza kusema "namtaka huyu kwa sababu hii" mbele ya watu kumi hajapoteza alasiri yake. Walimu wa tamasha za maigizo shuleni wanalijua hilo vizuri.

## Tahadhari kuhusu mtu wa nyumbani

Meza nyingi huongeza nafasi ya saba, ya mtu wa kijijini ambaye hajawahi kuonekana kwenye skrini. Inapendeza, na ndiyo inayoleta vicheko. Inaumiza pia. Fuateni haya:

- Mtu achaguliwe kwa sifa njema: sauti, mwendo, namna anavyosimulia. Asichaguliwe kuwa mwizi au mlevi kwa sababu ya tetesi.
- Aombwe ruhusa kabla jina lake halijatajwa mezani.
- Watoto wa watu wasitajwe.
- Msimrekodi mtu akiwa kazini, iwe steji, sokoni au shambani, kisha mkamtuma kwenye kundi kama "usaili".

Mtu akikataa, jina lake lifutwe daftarini na lisizungumziwe tena.

## Kadi tatu za kuanzia

Tuthu, 1902. Wamisionari wa Consolata wanafika kutoka Italia katika boma la Karuri wa Gakure. Karuri anataka manufaa ya wageni bila kuipoteza nchi yake. Nafasi: Karuri, padri kijana, mkalimani anayejua zaidi ya anavyotafsiri, mke mkubwa, mganga, mlinzi wa lango. Tukio: chakula cha kwanza cha pamoja, mkalimani akiamua neno lipi aliache.

Nairobi, 16 Machi 1922. Umati uko nje ya kituo cha polisi ukidai Harry Thuku aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru wa Weithaga anawakemea wanaume wanaotaka kutawanyika, kisha risasi zinapigwa na anauawa. Nafasi: Nyanjiru, mzee aliyetumwa kuongea na maofisa, askari Mwafrika mwenye bunduki, ofisa Mzungu, rafiki wa Nyanjiru, Thuku akisikia kelele kutoka ndani. Huyu askari mchagueni mapema, nafasi yake ndiyo ngumu kuliko zote.

Kangema hadi Nairobi, Februari 2004. Sheria za matatu za waziri John Michuki, mbunge wetu wakati huo, zimeanza kutekelezwa: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano, abiria 14. Gari moja halijatimiza masharti hayo na lazima mgonjwa afike hospitali kabla ya jioni. Nafasi: dereva, makanga, mwenye gari, mama wa mgonjwa, polisi wa kizuizini, abiria wa 15, ambaye amekataa katakata kushuka.